Mwaka Kilonzo Alipofuga Ndevu

Syombua nilimwonea wivu miaka yote aliyokuwa hai, na juzi, akiwa amelala ndani ya jeneza kwenye uwanja wetu hapa karibu na Tawa, nilimwonea wivu tena. Mchungaji alishika kipaza sauti akanitaja kuwa dada wa marehemu. Sikumsahihisha. Ni kijana mzuri yule, na kanisani kwetu neno mke mwenza linawakwama watu kooni, hasa mbele ya wageni waliotoka Nairobi na magari yao. Lakini mimi na Syombua hatukuwa dada. Tuliolewa na mwanamume mmoja, Kilonzo, yeye mke mkubwa na mimi mdogo, na tulikaa boma moja tangu nikiwa msichana mbichi mpaka tukawa vikongwe wawili wa kuota jua pamoja. Baada ya mazishi wajukuu waliingia nyumbani kwake kugawana vitu. Sufuria zikapata wenyewe, viondo vikapata wenyewe, hata kigoda chake kikagombaniwa. Kutoka ndani ya sanduku mjukuu mmoja wa kike akatoa kibano kidogo cha chuma kwenye mkufu, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. "Susu, hii ni ya nini? Ya kutoa miiba?" akaniuliza, maana sisi nyanya tunamwita susu. Nikasema ndiyo, ya kutoa miiba, nikakinyakua na kukitia kifuani kabla hajauliza lingine. Wakacheka wote, wakaona bibi mzee ana uroho wa vyuma vibovu.

Kibano kile kilifuliwa na mhunzi kabla mimi sijazaliwa. Siku hizo mwanamume wa Kikamba aliyejiheshimu hakuwa na nywele usoni. Wembe hatukuwa nao, na watu walipouona waliudharau, maana wembe unakata tu na keshokutwa ndevu zimerudi. Ndevu ziling'olewa, udevu mmoja mmoja, mpaka kidevu kikawa laini. Wanaume walitembea na vibano vyao shingoni, kwenye mikufu myembamba. Wengine walijing'oa wenyewe, wengine waling'olewa na rafiki. Kilonzo alitaka mkewe. Nilipoolewa kutoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi, kazi hiyo ilikuwa ya Syombua. Hata sijazoea njia ya kwenda mtoni, akaja mlangoni pangu akaninyooshea kibano na mkufu wake. "Chukua," akasema. "Macho yako ni mapya. Yangu yameanza kuona mbili mbili." Akageuka akaenda zake. Mimi nikajua ameshindwa na ametambua kwamba ameshindwa, na nilifurahi mno.

Basi jua likishaanza kupoa Kilonzo alikuwa anakuja nyumbani kwangu. Nilitandika ngozi ya ng'ombe kwenye kivuli cha ukuta, akalala chali, kichwa juu ya mapaja yangu, nami nikachovya vidole kwenye jivu ili nywele zisiteleze. Mkono mmoja uliivuta ngozi ya kidevu, mwingine ukang'oa. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho na hakusema hata ah. Alizungumza. Mwanamume aliyefumba macho, kidevu chake kiko mikononi mwako, anasema mambo ambayo hawezi kuyasema akiwa amesimama. Hapo ndipo nilijua ng'ombe yupi atauzwa, nani amemkasirisha kwenye kikao cha wazee, mama yake amesema nini juu yangu. Na hapo ndipo niliomba vyangu: shuka, ruhusa ya kwenda Kitui kumwona mama, kipande cha shamba kule chini kwenye unyevu. Sikumbuki kukataliwa. Ng'ambo ya uwanja Syombua alikuwa akitwanga mahindi ya muthokoi, na mchi wake ulipanda na kushuka bila kupoteza mwendo. Nilimtazama kwa pembe ya jicho na nilijiona nimefika.

Nilikuwa na sababu ya kuking'ang'ania kibano kile. Sikuwa na mtoto. Syombua alikuwa na wavulana wake wanachunga mbuzi, na mimi misimu ilikuja ikapita na tumbo liko pale pale. Mama yake Kilonzo alikuwa bado hai, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, na alipenda kupita mbele ya mlango wangu akiwataja mbuzi waliopelekwa kwetu Kitui kwa ajili yangu. Aliwataja kwa rangi zao. Yule mweusi wa madoa, yule wa kijivu aliyezaa mapacha, yule beberu mwekundu, aiya, beberu yule. Hakusema zaidi ya hapo na hakuhitaji kusema. Mwanamke asiyezaa angeweza kurudishwa kwao na mbuzi wakadaiwa, na kila mtu katika boma lile alilijua hilo. Kilichonishikilia pale ni haya mapaja yangu na kichwa kilichokuja kulala juu yake.

Mwaka uliofuata ule wa nzige, katika ile miaka ya thelathini, Kilonzo alipata kazi kwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyeitwa Warsame, aliyekuwa na nyumba na zizi huko Sultan Hamud karibu na reli. Kazi yake ilikuwa kwenda Kitui kununua ng'ombe na mbuzi, kuwaswaga mpaka stesheni, wapandishwe gari la moshi. Akishamaliza alikuja nyumbani kupumzika, halafu akaondoka tena. Kila alipotoka safari aliingia kwanza kwa Syombua, akala kwake na kulala kwake, kwa sababu nyumba ya mke mkubwa ndiyo mlango wa boma. Kwangu alifika siku ya pili. Hilo sikulionea wivu, lilikuwa desturi na hakuna aliyelifikiria. Mara ya kwanza aliporudi nikatandika ngozi yangu na kuleta jivu. Akaja, akasimama tu. Kidevu kilikuwa kimefunikwa na weusi mfupi mfupi kama shamba lililochomwa.

"Njoo ulale," nikamwambia. "Zimekuwa nyingi."

"Leo hapana."

"Kesho zitakuwa ngumu zaidi, utalia."

"Hata kesho hapana, Nduku. Nafuga."

Nilicheka, nikamwuliza anafuga nini. Hakucheka. Alinieleza akiwa bado amesimama, mikono nyuma, kwamba kule Kitui wenye ng'ombe walikuwa wanamwita kijana. Warsame alikuwa na ndevu mpaka kifuani, na akitokea tu watu wanapunguza sauti. "Mimi nikienda na kidevu hiki, mzee wa watu ananiuliza baba yangu yuko wapi aje waongee bei," akasema. "Mimi, mwenye wake wawili." Maneno yake yalikuwa na maana, hata mimi niliona hivyo. Lakini nilikuwa nimekaa chini, miguu nimeinyoosha, mapaja yangu yako tayari na hayana kitu juu yake. Mchi wa Syombua ulikuwa umenyamaza. Nikakunja ngozi, nikamwaga jivu kwenye jaa.

Watu walimcheka sana mwanzoni. Walimwuliza kama anataka kujiuza pamoja na mbuzi wa Warsame. Mama yake alisema hawezi kula na mtu mwenye majani mdomoni. Na kweli ndevu zenyewe zilianza vibaya. Zilimwasha, akawa anajikuna mpaka wakati wa kula, na upande wa kushoto, ambao mimi niliupenda na kuung'oa kwa bidii, ulichelewa kuota, ukawa na vichaka viwili na uwazi katikati. Nilitazama uwazi ule kwa furaha. Nilisema moyoni, hata akifuga, hapa nilipopita mimi panajulikana. Lakini mvua zilipokuja hata pale pakajaa. Uso wake ukabadilika. Midomo yake, ambayo nilikuwa naisoma kama ameudhika au ameridhika, ikajificha. Watu wakaacha kucheka. Wazee waliokuwa wanamkatiza maneno wakawa wanamngoja amalize, na yeye akajifunza kushika ndevu zake na kuzivuta polepole kabla ya kujibu, hata akiulizwa kama chumvi imetosha.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba ndevu zile zilitunzwa. Zilipokuja nyumbani kwangu hazikuwa na vumbi la safari. Zilikuwa zimeoshwa, zimechanwa, zimekatwa pembeni zikawa sawa, na ziling'aa kwa mafuta. Zilikuwa na harufu nzito, tamu kidogo, na ukizitazama juani zilionyesha wekundu. Siku moja nilimpikia muthokoi na maharagwe, mchuzi ukamdondokea pale chini ya mdomo, nikanyoosha mkono kumfuta. Akarudisha kichwa nyuma. "Usishike," akasema. "Zimeshatengenezwa." Alisema bila ubaya, akaendelea kula. Mimi mkono wangu ulibaki pale hewani juu ya bakuli, nikajifanya nilikuwa nafukuza nzi. Kuanzia siku ile nilizionea wivu nywele. Sina haya kulisema. Nilikuwa nalala karibu na mume wangu nikiwa nachukia kidevu chake, na nikifumba macho naona vidole vya mwanamke vinapita mle ndani, vidole virefu, safi, ambavyo havijawahi kushika jembe.

Nani mwenye vidole hivyo, nililisikia mtoni. Ulikuwa wakati wa kiangazi na tulikuwa tumechimba mashimo kwenye mchanga, tumekaa tunangoja maji yajae ili tuyachote kwa kata. Mwanamke mmoja ambaye kaka yake alifanya kazi ya reli akaanza kusimulia. "Kule stesheni wanawake wa Kisomali wana mafuta ya kunukia. Mwanamume akipakwa, njia ya kwao anaisahau." Mwingine akadakia, "Asi, hata mimi nashangaa. Ndevu za Kilonzo hazijichani zenyewe." Wakacheka huku wakinitazama. Syombua alikuwa pale, ameinamia shimo lake. Hakuinua kichwa. "Nduku, maji yako yanamwagika," akasema, na kweli kibuyu changu kilikuwa kimelala upande na maji yanarudi mchangani. Tulipokuwa tunapanda kurudi, mizigo mgongoni, sikuweza kunyamaza. Nilimwita kwa heshima, mwaitu, kama inavyostahili mke mkubwa, nikamwuliza kama haoni yanayotendeka.

"Naona."

"Na huumwi?"

"Kuumwa nilishaumwa zamani," akasema, bila kusimama. "Ulipokuja."

Nilitafuta kisingizio. Wanawake wa Tawa walikuwa wanakwenda Sultan Hamud kuuza maharagwe na samli kwenye maduka, nikaomba kufuatana nao, na kwa vile Kilonzo alikuwa Kitui na ng'ombe, aliyenipa ruhusa ni Syombua. Alinitazama kwa muda, akanifungia chakula cha njiani. Tulilala kwa jamaa wa mmoja wetu, na kesho yake mchana nikaiona stesheni kwa mara ya kwanza: maduka ya mabati yaliyopangana, magunia ya sukari na chumvi yamesimama milangoni, tangi kubwa la maji ya gari la moshi juu ya miguu yake mirefu, na harufu ya zizi iliyofunika kila kitu. Niliuza maharagwe yangu kwa bei yoyote niliyotajiwa. Kisha nikauliza nyumba ya Warsame. Nilikuwa nimejipaka mafuta na kuvaa shanga zangu zote, ili mwanamke yule anione vizuri kabla sijamrukia.

Aliyenifungulia alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye shuka kubwa kichwani na miguu iliyovimba. Alikuwa Halima, dada yake Warsame, mjane, na ndiye aliyeendesha nyumba ile. Nilichungulia nyuma yake nikitafuta mwingine, hakukuwa na mwingine. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni na chake kilikuwa cha zizini, lakini tulielewana. Akaniuliza mimi nani, nikasema mimi bibi ya Kilonzo. Akauliza, "Kubwa ama ndogo?" Nikasema ndogo, na neno lenyewe liliniuma nikilitamka. Akaniketisha kwenye mkeka chumbani, ukutani kuna mito, kwenye kona kuna kichomeo cha ubani, akaniletea chai ya maziwa yenye viungo, tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kunywa. Nilitaka kuikataa, nikashindwa. Nilikunywa yote, nikaweka kikombe chini, nikakusanya Kiswahili changu.

"Nani nashika ndevu ya bwana yangu hapa?"

"Nini?"

Nikajishika kidevu, nikaonyesha kuchana, nikaonyesha kupaka. "Ndevu. Nani?"

Halima alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka mpaka akaegemea mito, akamtaja Mungu, akajifuta macho na ncha ya shuka. Halafu akaniona ninavyolia, akanyamaza, akasogea karibu akanishika goti. "Sikiza, mama," akasema. "Kwetu mwanamke hapana shika ndevu ya mtu si yake. Hapana kabisa. Kilonzo nakuja hapa na ng'ombe, ndevu iko vumbi, iko miiba, iko kupe. Mimi nampa chai huko nje, naenda kwenu hivyo hivyo. Akirudi kutoka kwenu, hapo ndio iko safi, iko mafuta. Ndugu yangu nasema, huyu nyumbani kwake iko mwanamke ya maana." Akanitazama shanga zangu. "Mimi nilifikiri ni wewe."

Nikamwuliza na ule wekundu, si hina? Akasonya. Hina ni ya ndevu nyeupe kama za kaka yake, akasema, ndevu ya Kilonzo iko nyeusi, itashika hina wapi? Ile ni udongo. Aliposema udongo nikakiona kibuyu kidogo cha mafuta ya mbono kilichoning'inia nyumbani kwa Syombua, mdomo wake umepakwa udongo mwekundu, ule waliojipaka wasichana wa rika lake siku za ngoma. Harufu ile nzito iliyokuwa ikinifukuza usingizi nilikuwa nimeinusa tangu siku nilipoolewa, kila nilipoingia kwake kuomba moto. Sikuijua kwa sababu sikuwa nimewahi kumfikiria Syombua kuwa ni mwanamke wa kuonewa wivu. Niliyemfikiria ni mke mkubwa tu, mtu wa kutwanga.

Wakati wa kurudi nilitembea nyuma ya wenzangu wote. Mwanamke wa stesheni ningeweza kumtukana, ningeweza hata kumwombea mabaya bila kumjua. Huyu nilichota naye maji. Huyu alinifungia chakula niende nikamtafute mwingine, na alijua, nikiwa nakula viazi vyake njiani, kwamba naenda kutafuta vidole ambavyo vilikuwa vimevichemsha viazi vile. Wivu nilioenda nao ulikuwa wa mtu anayeogopa kuibiwa. Niliorudi nao ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilibidi nikiri kwamba sikuibiwa kitu. Kilonzo aliposema hataki tena kung'olewa, mimi nilikunja ngozi na kununa. Syombua alitafuta kitana.

Kilonzo alirudi kabla ya mvua kuanza. Nilimwona akiingia uwanjani, jua bado liko juu kidogo ya vilima, ndevu zimejaa vumbi kama Halima alivyosema, akainama kwenye mlango wa Syombua. Nikabeba kibuyu cha maji kama anayempelekea mgeni maji ya kunawa, lakini nikapitia nyuma, pale udongo wa ukuta ulipokuwa umebanduka. Niliwaona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, karibu na moto, na Syombua amesimama mbele yake na kitana cha mti. Alimchana taratibu, akitoa miiba na kuitupa motoni. Hakuhitaji macho makali kwa kazi ile, vidole vilimtosha. Kilonzo alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa vile vile nilivyoujua mimi, ulipokuwa juu ya mapaja yangu, na alikuwa anazungumza.

"Mama amenisimamisha tena. Anasema yule wa Kitui arudishwe kabla ya kupanda. Mbuzi zirudi, tuoe kwingine."

"Inua kidevu," Syombua akasema. Akachana kidogo. "Na wewe umemwambia nini?"

"Nimesema nitafikiria."

"Basi fikiria. Lakini mimi siwezi kuanza kuzoea mwingine. Huyu nimemzoea. Ana kelele, lakini analima. Siku atakayovuka Athi kurudi kwao, hizi ndevu utachanwa na mama yako."

Kilonzo alicheka. Syombua hakucheka, na kitana kikasimama katikati ya ndevu, kikakaa pale. Kilonzo akafumbua macho akamtazama. Hakukuwa na sauti isipokuwa moto, na maji yaliyokuwa yakinitiririka miguuni kutoka kwenye kibuyu bila mimi kujua. Mwishowe akafumba macho tena. "Haya," akasema. "Abaki." Kitana kikaendelea.

Ningepaswa kufurahi. Nilijua kwamba sasa nitalala katika boma lile bila kusikiliza rangi za mbuzi. Lakini kilichonijaa moyoni pale nyuma ya ukuta kilikuwa wivu mtupu. Nilitamani afadhali angenisengenya. Mimi nilipokuwa na kidevu kile mikononi mwangu niliomba shuka. Yeye aliomba mtu, akapewa. Niliondoka na kibuyu kitupu, na kesho yake tulipokwenda mtoni sikuweza kumtazama Syombua usoni, wala sikumshukuru, siku ile wala miaka iliyofuata. Mama mkwe aliacha kupita mlangoni pangu. Mwaka mwingine nikapata mimba, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba niliwahi kuwa karibu kurudishwa Kitui, isipokuwa sisi wawili. Kilonzo alifuga ndevu mpaka mwisho wake, zikawa nyeupe, zikafika kifuani kama za tajiri wake wa zamani, na siku tulipomzika, Syombua ndiye aliyemchana kwa mara ya mwisho huku mimi nimesimama mlangoni nikihesabiwa miongoni mwa wanaotazama.

Kibano kilikaa miaka yote hiyo kimechomekwa kwenye paa langu. Tulibatizwa, tukazeeka, nyasi zikaondolewa nikaezekewa mabati, na nilikitoa kwenye paa moja nikakichomeka kwenye jingine bila kujua kwa nini. Kisha asubuhi moja Syombua akaja na fimbo yake, akajishusha kwenye mkeka wangu kwa shida, akalaza kichwa juu ya mapaja yangu. "Ng'oa," akasema. "Wajukuu wananicheka." Nikatazama. Kidevu chake kilikuwa kimeota nywele nyeupe, ngumu, zimejikunja. Nikaleta jivu. Nilipomaliza akaniambia nami nilale, macho yake hayaoni lakini vidole vinaona, na akazipata zangu moja moja, zote ziko upande wa kushoto. Toka siku hiyo tukawa tunang'oana kila ndevu zilipoota, na kibano akahama nacho, akasema kilikuwa chake tangu mwanzo. Hapo ndipo nilimwuliza, kichwa chake kikiwa mapajani pangu, kama mwaka ule alijua nilikuwa nyuma ya ukuta.

"Nilijua. Maji yako yalikuwa yanamwagika, niliyasikia."

"Kwa hiyo ulisema vile ili nisikie?"

"Nilitaka usikie nani anasikizwa," akasema.

Niliung'oa udevu uliofuata kwa nguvu zangu zote. Akapiga kelele aiya, akanipiga goti kwa ngumi, na tukacheka mpaka kuku wakakimbia uwanjani. Baadaye, akiwa amefumba macho, akasema pia kwamba angekuja mwingine angekuwa na kelele kunishinda.

Asubuhi ya mazishi walimleta kutoka hospitalini, amevishwa nguo nyeupe, akina mama wa kanisa wamemzunguka. Nikainama juu ya jeneza nikaona udevu mmoja, chini ya mdomo, ambao hawakuuona. Kibano kilikuwa kimefungiwa nyumbani kwake. Nikaomba waniachie nafasi niombe, wakarudi nyuma, na mimi nikachovya vidole kwenye jivu nililokuwa nimelificha kwenye leso, nikaung'oa kwa kucha. Akaenda na kidevu laini. Hapo ndipo nilipomwonea wivu, kwa sababu yeye alikuwa na mimi.

Jana yule mjukuu aliyekiona kibano alinitazama nikinywa chai. Akasogea, akainua uso wangu kuelekea kwenye mwanga. Ana mikono mizuri, mirefu, safi. "Susu, una ndevu hapa," akasema. "Kaa nilete wembe, ni dakika moja tu."

"Wacha," nikamwambia. "Nafuga."